Gitaa la jicho moja

"Baba, mbona hili lina jicho moja?"

Juzi mvua ilipokatika nilitoa gitaa kwenye boksi lipate hewa, maana unyevu wa Dar es Salaam hauna huruma na vyuma. Binti yangu ana miaka tisa. Gitaa hili amelikuta ndani ya nyumba, amekua nalo, na siku zote hizo hakuwahi kuuliza. Magitaa ya aina yake huwa na matundu mawili usoni, yenye umbo la herufi f, moja kila upande. Langu lina moja tu, upande wa nyuzi nene.

Nikamjibu, "Patasi ilipita."

Akaridhika, akaendelea na mambo yake. Mimi ndiye niliyebaki nimeketi pale, kwa sababu jibu nililompa ni la kweli lakini nimeiacha simu nje.

Mnaonisoma siku nyingi mnalijua gitaa lenyewe, lile la mninga ninalopigia rithimu. Kisichojulikana ni kwamba nilikaribia sana kutokuwa nalo.

Ilikuwa 2011, mwaka wa mgawo wa umeme. Nilikuwa napigia gitaa la bodi gumu, ubao mtupu usio na tundu wala uwazi. Lilikuwa linavumilia kazi, ila sauti yake kavu, na rithimu ya dansi inataka mbao ijibu kidogo chini ya vidole. Niliwahi kuazima la tumbo wazi kabisa. Chumbani lilikuwa asali, ukumbini likageuka king'ora. Spika zetu zilipangwa nyuma ya migongo yetu. Sauti ikitoka inatikisa uso wa gitaa, uso unatikisa nyuzi, pikapu, kile kidaka sauti kilicho chini ya nyuzi, inazidaka nyuzi na kuzirudisha kwenye spika, na mzunguko huo ukishaanza haumalizwi ila kwa kufunga sauti. Watu waliacha kucheza wakashika masikio.

Nilichokuwa nakitaka kipo katikati, semiholo. Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, walitoa ES-335 mwaka 1958: mabawa mawili matupu, kushoto na kulia, na katikati gogo la mbao linalotoka shingoni hadi kitakoni. Pikapu na briji, yaani daraja linalobeba nyuzi, vinakaa juu ya gogo hilo, kwa hiyo nyuzi zinasimama kwenye kitu kigumu wakati mabawa yanapumua. Miaka mingi kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1940, Les Paul, mpiga gitaa wa Marekani, alichukua nguzo ya mbao ya inchi nne kwa nne, akaifunga shingo na pikapu, kisha akabandika ubavuni nusu mbili za gitaa la kawaida ili watu walitambue kuwa ni gitaa. Habari ya nguzo hiyo ndiyo iliyonikamata. Nilijiambia kwamba kitu kilichoanza na mtu mmoja na nguzo moja hakiwezi kuishinda Keko, mtaa wa mafundi samani hapa Dar.

Hela niliyokuwa nayo ilikuwa laki nane na nusu. Kaka mmoja aliyepiga muziki miaka mingi hapa mjini alikuwa anaacha kazi hiyo, anarudi kwao Tabora, na semiholo yake ya kiwandani alitaka kuniuzia kwa laki nane kamili. Nilishalipiga mara mbili. Shingo yake ilikuwa imelainika kwa mikono ya watu, na ukipiga kodi moja tu, yaani noti kadhaa kwa pamoja, hata bila amplifaya, unahisi kifuani kwamba mbao imesikia. Hakuna mtu mwenye akili angesita.

Mimi nilikuwa nimeshaanza na fundi.

Mzee wa Rufiji, karakana yake Keko, kazi yake vitanda, makabati na milango. Nilipomchorea gitaa kwenye kipande cha boksi na kumweleza habari ya mabawa na gogo la katikati, aliuangalia mchoro muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe mtumbwi. Ila wako una mgongo." Tangu hapo sikuhitaji kumweleza tena. Alikuwa ameshaona mitumbwi ikichongwa tangu hajaanza kufunga vitufe vya shati. Alikuwa na mbao za mninga za kitanda ambacho mwenyewe hakurudi kumalizia malipo. Zilikaa darini miaka tisa zikikauka, na mbao kavu kwa kazi ile ni nusu ya safari. Aliunganisha mbili kwa gundi, akakata umbo, akaanza kuzichimba kutoka mgongoni kwenda usoni, akiacha gogo la kati kama upana wa kiganja. Uso wenyewe ulitakiwa ubaki na unene wa milimita nne au tano.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nimwache fundi achonge, nione itakavyokwenda, na kaka wa Tabora aendelee kunisubiri. Nilidhani mtu anaweza kukaa kwenye milango miwili kwa muda anaoutaka.

Ijumaa moja nilifika karakana baada ya magharibi. Bawa la upande wa nyuzi nyembamba lilikuwa limekwisha. La pili lilibaki kidogo, na rauta, mashine ya kuchimbia mbao, ilikuwa inanguruma tulipokatikiwa na umeme. Jenereta za majirani zikaanza kuitikia moja baada ya nyingine. Yake ilikuwa mbovu. Nikajua tumemaliza kwa siku hiyo.

Mzee akasema, "Washa tochi yako, mwanangu."

Simu yangu ilikuwa ile ndogo yenye tochi kichwani. Nikaishika juu ya mbao, yeye akachukua patasi na nyundo ya mti. Alikuwa anachimba kidogo, unyoya tu, halafu anaiweka patasi chini na kugonga mbao kwa kifundo cha kidole. Ko. Anainama, sikio karibu na mbao. Anachimba tena unyoya. Ko. Mwanzoni sikusikia tofauti yoyote. Nilidhani anafanya hivyo kwa mazoea tu, kama watu wanavyogonga tikiti sokoni. Baada ya kama robo saa nikaisikia. Ile ko ilikuwa inashuka. Kila unyoya ukitoka, mlio unakwenda chini kidogo na kukaa hewani kwa muda mrefu kidogo, hadi ikawa si ko tena, ikawa kitu kama koo, kama mtu anayejisafisha sauti kabla ya kuimba. Nikakamata mlio mmoja kwa masikio yangu mwenyewe, nikaupata: fa. Dakika chache baadaye ulikuwa kwenye mi. Nimepiga gitaa tangu nina miaka kumi na minne, na usiku ule ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza sauti ikitengenezwa kwa kupunguza. Hakikuongezwa chochote. Mzee alikuwa anatoa tu, na kila alichotoa kilituachia sauti.

Harufu ya mninga ilikuwa imejaa, ile inayokuwasha pua. Maranda mekundu yamefunika ndala zangu. Sikutaka umeme urudi.

"Inakuja," mzee akasema. "Bado kidogo."

Simu ikalia mkononi mwangu.

Nikaigeuza kuangalia nani anapiga. Ndiyo hivyo tu, nikaigeuza, na mwanga ukaondoka kwenye mbao ukaenda ukutani, na nyundo ya mzee ilikuwa imeshaanza kushuka. Mlio nilioujua nikaukosa. Badala yake nikasikia kitu kidogo kikikatika, chembamba, kama kijiti cha kiberiti.

Alikuwa kaka wa Tabora. Nikapokea. Mpaka leo sielewi kwa nini nilipokea. "Kaka, samahani kwa usiku," akasema, kwa upole wake ule. "Kuna mtu anakuja kesho saa nne na hela mkononi. Wewe nimekuweka mbele. Niambie tu." Nikamwambia nitakuwa kwake saa tatu. Nilimwambia hivyo nikiwa nimesimama mbele ya yule mzee, na mzee amepitisha kidole kwenye tundu na kukitoa upande wa pili, anakiangalia.

Nikarudisha mwanga. Patasi ilikuwa imetoboa uso wa gitaa, tundu la ukubwa wa ukucha, na ufa mfupi ukifuata nyuzi za mbao.

Hakunilaumu. Alipuliza unga kwenye lile tundu, akafuta patasi kwenye shati lake, akasema, "Mwanangu, kama unakwenda kulichukua lile la kiwandani, kalichukue. Mbao ni yangu, hunidai. Na mimi sikudai." Sauti yake haikuwa na kisirani. Nafikiri ningejisikia vizuri zaidi kama ingekuwa nacho.

Asubuhi saa tatu nilikuwa Magomeni kwa kaka wa Tabora, na laki nane mfukoni. Nikaketi na lile gitaa. Lilikuwa zuri vilevile. Nikapanda shingo yote, freti kwa freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, kila noti ilikuwepo mahali pake na ilikaa sawa na jirani yake. Halafu, bila kupanga, nikaligeuza nikaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole. Nikaligonga tena. Kaka akaniangalia. Sijui nilikuwa nategemea nini. Zile za kiwandani nyingi hutengenezwa kwa mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka na kukandamizwa kwenye kalibu, na mlio wake ulikuwa safi, umetulia, haukuwa unakwenda popote. Nikamrudishia gitaa lake. Nikamwomba radhi. Sababu ya kumpa sikuwa nayo, na yeye ni mtu mzima, hakuniuliza.

Yaliyobaki yalichukua miezi mitano na nitayapitia haraka. Mzee alilipanua lile tundu likawa f, akaufuata ufa na kuumeza ndani ya mkunjo wa herufi. Akaniuliza kama atoboe na upande wa pili. Nikamwambia aache. Nilikuwa najua kwamba Gibson walipotoa gitaa lenye jina la B.B. King, yule mpiga bluzi wa Marekani, mwaka 1980 hawakuliwekea tundu hata moja, ili lisipige kelele jukwaani, kwa hiyo moja lingetosha. Mgongo ukafunikwa kwa ubao mwembamba wa mtiki. Pikapu zilikuja na mtu aliyetoka Dubai. Shingo tulijaribu kuichonga wenyewe. Urefu wa uzi milimita 628, unaugawa kwa 17.817, unapata kama 35 na robo, hapo ndipo freti ya kwanza, kisha unagawa kilichobaki, na kilichobaki tena, hadi ya kumi na mbili iangukie nusu kamili, 314. Hesabu ilikubali. Msumeno ulikataa: freti ya saba ilitoka nje kwa milimita moja. "Kwenye kabati," mzee akasema, "milimita moja ni gundi na unga wa mbao." Kwenye gitaa ni noti ya uongo maisha yako yote. Shingo tukainunua Kariakoo, imetoka kwenye gitaa lililovunjika.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nilinunua au nilijenga, huwa nasita.

Lile la kaka wa Tabora alilichukua yule mtu wa saa nne. Bado linapigwa hapa mjini. Nimelisikia mara tatu nne, na kila mara nimesimama mwisho wa ukumbi hadi wimbo ukaisha. Ni gitaa zuri kuliko langu. Nasema hivi bila uchungu, ni kitu ambacho sikio lolote litakwambia. Langu ni zito, na lina mahali panapokufa. Uzi wa tatu, freti ya saba, ile re. Unaipiga, inatoka, halafu inazimika kabla hujaihitaji kuzimika. Nilishabadilisha nyuzi, briji, urefu wa pikapu. Ni mbao yenyewe, mahali fulani kati ya mninga na shingo ile ya watu, inaimeza noti hiyo. Nimekuwa nikiichukua re kwenye uzi wa pili, freti ya tatu, kwa miaka yote hii. Mkono umezoea.

Mzee wa Rufiji alifariki 2017. Nilitaka kumuuliza usiku ule ile mbao ilikuwa inakwenda wapi, kama ilikuwa imebaki mi au ingeshuka hadi re, kama angepata unyoya mmoja zaidi na mwanga. Siku zote alizokuwepo sikumuuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa ni kuitaja simu.

Jana jioni binti yangu aliliomba. Nikamwekea mapajani, nikamshikia shingo maana mkono wake haufiki vizuri. Alianza ule wimbo mfupi ninaomfundisha, unaopanda polepole juu ya uzi wa tatu. Akafika panapotakiwa re. Kidole chake hakikwenda freti ya saba, ambako mkono wake ulikuwa unaelekea na ndiko karibu. Kiliruka uzi, kikashuka hadi freti ya tatu ya uzi wa pili, kikaichukua kule, safi kabisa, akaendelea.

Sikumfundisha hivyo. Ameuona mkono wangu.

Sijamwambia bado kwamba kwenye gitaa jingine, pale panaimba.