Kabla ya kisu

Jamaa zetu wameshakubaliana kwamba kaka apelekwe ng'ambo akapasuliwe kooni ili aache kusemea puani, na sasa mazungumzo ya nyumbani ni ya nauli tu. Mimi bado nasita.

Kaka ni dalali wa samaki pale Malindi, na riziki yake ni koo lake. Tangu alipoanguka na vespa akaumia ubongo, husema kwa king'ong'o kizito, kwa sababu kaakaa laini, lile pazia la nyama linaloishia kwenye kimeo, halipandi tena kuziba njia ya puani, na pumzi inayotakiwa itokee kinywani huvujia juu. Mtaalamu wa matamshi alimwekea kioo kidogo chini ya pua, akamtaka aseme "papa", samaki aliyemnadi miaka nenda miaka rudi, na kioo kikaingia ukungu. Kwa aliye mzima hubaki kikavu, kwani sauti zinazopitia puani ni m, n, ny na ng' tu. Alipobanwa pua, "papa" ilitoka safi, hata mama akapiga makofi.

Katika upasuaji wenyewe, daktari huchonga kipande cha nyama kutoka ukuta wa nyuma wa koromeo, akakishona kwenye kaakaa, akaacha vitundu viwili pembeni vya kupitisha pumzi. Njia huwa nyembamba, lakini msuli uliopooza haufufuki. Kuta za pembeni zisipojongea kuvifunga vitundu hivyo wakati wa kusema, king'ong'o hubaki. Na vikiachwa vidogo mno, mgonjwa hukoroma, hata pumzi ikamkatika usingizini. Waliozaliwa na mpasuko wa kaakaa kwa kawaida hunufaika zaidi. Kaka ulimi nao ni mzito, na hilo kisu hakilitibu.

Ndiyo maana naona tuanze na kibao cha kuinulia kaakaa, kinachotengenezwa na daktari wa meno na kushikizwa kwenye magego. Kikimkera kitavuliwa, nyama ikishakatwa, ndiyo basi. (Magego anayo, ijapokuwa hata mswaki humtia kichefuchefu.)

Shangazi asema naogopa gharama. Kesho nitamwomba ami asikate tiketi mpaka kaka apitishwe kamera nyembamba puani, na daktari atujibu swali moja: anaposema, kuta za pembeni zinajongea au hazijongei?