Kiganja cha mgonjwa, si chako
Jamani, tunapokadiria ni asilimia ngapi ya ngozi ya mwili imeungua kwa moto, tusihesabu wekundu! Futa masizi kwanza. Ngozi nyekundu, kavu, isiyo na malengelenge haiingii kwenye hesabu, hata kama inauma sana. Ukiijumlisha, mgonjwa atajazwa maji kupita kiasi, mapafu yalowe.

Mtu mzima: kichwa na shingo 9%, kila mkono 9%, kifua na tumbo 18%, mgongo hadi makalio 18%, kila mguu 18%, sehemu za siri 1%. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja kichwa na shingo ni 18% na kila mguu ni 14%, kwa hiyo hesabu ya mtu mzima itakudanganya. Majeraha yaliyotawanyika pima kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, vidole vikiwa vimebanwa pamoja: ni kama 1%. Na mgeuze. Mgongo husahaulika mno.

Sasa dripu. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua 20%: mililita 2 kwa kila kilo kwa kila asilimia iliyoungua, yaani 2 × 60 × 20 = mililita 2,400 za Ringer lakteti (maji ya dripu yenye chumvichumvi) kwa saa 24. Nusu, yaani 1,200, iingie ndani ya saa 8 za kwanza, na saa zinaanza alipoungua, si alipofika. Amefika baada ya saa 3? Zimebaki 5, hivyo mililita 240 kwa saa. Baada ya hapo fuata mkojo: mililita 0.5 kwa kilo kila saa. Ukipungua, ongeza kasi, ukizidi, punguza.