Kawaida tu, daktari

Jumatatu nilisema uongo wa neno moja, na leo Ijumaa bado umenikaa kooni.

Jicho la kulia liliamka jekundu tena. Tongotongo hata chembe halina, ila mwanga ukilipiga ni sindano. Baiskeli sikuthubutu. Baba mkwe, ambaye yuko kwetu toka wiki iliyopita, akasema, "Twende mwanangu, nitakushika mkono." Tukapanda bajaji hapa Makorora, Tanga. Nilidhani atabaki kwenye benchi la nje. Akaingia nami, akaketi, kofia magotini.

Daktari wa macho ni binti mdogo mpole. Alichungulia muda mrefu kwenye ile mashine ya kuwekea kidevu, akasema uvimbe uko ndani ya jicho, wanauita uvaitisi. Kisha akaanza kuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza yote kwa pamoja. Mgongo asubuhi? Unakakamaa, mpaka nitembee ndio unalegea. Magoti? Hayo mnayajua, nimeyaandika hapa mpaka mmechoka. Miundi? Nikapandisha suruali, akabonyeza kinundu kimoja chekundu, nikaruka. Vidonda vya mdomo? Vipo. Akaweka kalamu chini.

"Na choo chako, mwalimu?"

"Kawaida tu, daktari."

"Hakina damu? Usiku huamki?"

"Kawaida."

Kofia ya Baba ilikuwa inazunguka taratibu vidoleni mwake. Mbele ya mkweo unasemaje? Unasemaje kwamba tangu Ramadhani unaamka saa tisa usiku kukimbilia chooni, na mkanda umeutoboa tundu jipya mara mbili? Miaka miwili nimepeleka goti kwa huyu na ngozi kwa yule, kila mmoja akatibu kipande chake. Amepatikana wa kuzitunga shanga, nikamkatia uzi mwenyewe. Nikiwa ubaoni nalisikia, nikinawa nalisikia: kawaida tu, daktari. Hata sauti niliyoitumia naikumbuka, ile ya kumjibu mkaguzi.



Jumatano usiku mke wangu akaniambia gizani, "Baba kasema urudi kwa daktari peke yako. Kasema angekaa nje, hakujua." Nikanyamaza. Chumba anacholala kinapakana na choo. Mzee wa watu amekuwa akinisikia usiku wote huo, asiseme neno, na aibu yangu akaibeba yeye.

Jana nilirudi, nikasema yote, hata ya damu. Daktari aliitikia kwa kichwa tu, akiandika. Alinieleza kwamba ugonjwa wa utumbo unaweza kujitokeza machoni, kwenye viungo na kwenye ngozi, pengine hata kabla tumbo halijalalamika. Huenda ni Crohn, uvimbe wa utumbo usioisha, ambao kinga ya mwili yenyewe huuchochea. Huenda ni TB ya utumbo. Yote mawili hupenda palepale utumbo mdogo unapokutana na mkubwa, na hata vinundu vya miundi TB huweza kuvileta. Kinyama kikikatwa kikapimwa, bado majibu yanaweza yasitenganishe. Na kukosea ni hatari, maana dawa za Crohn hushusha kinga, na kama ndani kuna TB itapata nafasi ya kusambaa. Kwa hiyo ameniandikia barua ya Muhimbili, kwenye kipimo cha kamera. Na mafuta ya kukaanga niache? Nilimuuliza hilo. Akasema nile kinachokaa tumboni, nisijinyime, damu yangu iko chini.

Jina la ugonjwa sina bado. Lakini jana nimelala mpaka adhana ya alfajiri, na niliamka nikamkuta Baba kibarazani anamenya machungwa. Akanipa moja bila kuniangalia. Nikalipokea kwa mikono miwili.

Kijana wetu Saidi hajarudi. Alichukua baiskeli yangu akasema anakwenda ufukweni Raskazone kuogelea na wenzake, na sasa magharibi imeingia. Breki ya nyuma haishiki, na sikumwambia.