Paka wangu na mlango wa kabati

Kabati langu la dagaa lina mlango wa wavu ambao haufungi sawasawa tangu mbao zilipovimba masika yaliyopita. Paka wangu, Bi Mkubwa, ndiye aliyeligundua hilo kabla yangu. Haparui ovyo. Analala ubavu, anaingiza kucha za mguu wa kulia kwenye upenyo wa chini, anavuta, halafu anarudi nyuma kuupisha mlango ufunguke.

Alizaa watoto watatu hapahapa Igombe, kando ya Ziwa Victoria, hatua chache kutoka mwaloni wanaposhushia samaki. Mmoja nilimpa jirani mapema, angali ananyonya. Wawili waliobaki wakaanza kumfuata mama yao jikoni. Asubuhi moja nachambua dagaa kutoa mchanga, nikawaona wamekaa nyuma yake, masikio mbele, hawachezi kabisa. Siku nne nzima walitazama tu. Siku ya tano yule mweusi akalala ubavu, akaingiza kucha palepale pa mama yake, akavuta.

Jirani naye ana kabati la fundi yuleyule, lenye kasoro ileile. Juzi ananiambia, "Dada, huyu uliyenipa anakaa mbele ya kabati analia tu mpaka nimfungulie."

Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani, Phyllis Chesler, alieleza jambo linalofanana na hili. Paka wadogo waliomtazama mama yao akibonyeza wenzo ili apate chakula walijifunza haraka kuliko waliomtazama paka jike mgeni. Walioachwa wajaribu wenyewe hawakuweza.

Lakini utafiti ulionigusa zaidi umetoka kwenye ziwa letu hili, kisiwa cha Ngamba upande wa Uganda, kwenye hifadhi ya sokwe yatima. Victoria Horner na Andrew Whiten waliuchapisha mwaka 2005. Sokwe walionyeshwa namna ya kutoa chakula ndani ya sanduku, na baadhi ya hatua walizoonyeshwa hazikuwa na kazi yoyote. Sanduku lilipokuwa la kuonekana ndani, sokwe wakaziruka zile hatua za bure. Watoto wa binadamu, wa miaka mitatu na minne, wakaiga zote.

Niliposoma hapo nikautazama mkono wangu. Kupara sato nilijifunza kwa kukaa kwenye kigoda mbele ya bibi. Hakuwahi kuniambia shika kisu hivi au vile. Kidole chake kidogo kilikuwa kimekakamaa tangu kilipochomwa na mwiba wa sangara, kwa hiyo alipara akiwa amekiinua. Changu ni kizima, hakijawahi kuumia, na miaka yote hii napara nimekiinua. Bibi hayupo tena. Siku hiyo nilijaribu kukikunja, kisu kikaniteleza, nikakiacha kidole kama kilivyo.

Jirani amekubali kumrudisha paka wake hapa kwa wiki moja. Nimemwambia amlete Jumamosi alfajiri, Bi Mkubwa akiwa hajala.