Nimejifungia nje ya seva yangu mwenyewe

Jana usiku nimejifungia nje ya seva, ile kompyuta ya kukodi inayobeba tovuti yangu, na funguo ninazo mkononi.

Nilikuwa napitia kumbukumbu za SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, nikakuta kuna wanaojaribu kuingia kwa jina la "root", "admin", "test", kila baada ya sekunde chache. Ni roboti tu, kila seva yenye anwani ya IP (namba yake ya mtandaoni) ya wazi inazipata, lakini ukiziona mara ya kwanza zinatisha. Nikasema leo nawakomesha. Nikaiambia ufw, programu ya ukuta wa moto inayolinda seva, izuie kila kinachoingia, poti (milango ya mtandao) 80 na 443 ziwe wazi kwa wageni wa tovuti, poti 22, ile ya SSH, iruhusu anwani ya nyumbani kwangu peke yake. Nikabandika chai ya maziwa jikoni.

Umeme ukakatika, dakika 5 tu. Ruta ilipowaka ikapewa anwani nyingine. Ile niliyoiruhusu sijui sasa anayo nani! Najaribu kuingia, kimya. Ufw haikufukuzi kwa maneno, inakuacha ungoje hadi uchoke.

Kilichoniokoa ni konsoli ya waliponikodisha seva, ile ya kwenye kivinjari, isiyopita poti 22. Sasa SSH inakubali ufunguo tu (faili la siri la kwenye kompyuta yangu), nywila hapana, na programu ya fail2ban inawafungia wakorofi. Kabla ya kugusa sheria yoyote naacha amri ya "at" izime ufw baada ya dakika 10. Nikiona bado naingia, naifuta amri hiyo.

Chai? Ilifurika jiko zima.