Nilivyojifunza kuongea na mafundi wangu baada ya kuharibu kitanda cha mtu

Wengi wakisikia uongozi kazini wanawaza maofisi na tai, sisi wa karakana hatuhesabiki, ila ngoja niwape yangu.

Mimi ni seremala Keko, Dar. Nimepiga randa zaidi ya miaka kumi, alafu siku moja bosi akaniambia kuanzia leo wewe ndo msimamizi, mafundi nane wako chini yako. Hakuna semina wala nini. Mimi nilijua kusimamia watu ni kufoka, maana ndo nilivyofokewa nikiwa saidia fundi.

Sasa kuna kastoma aliweka oda ya kitanda cha mninga tano kwa sita, kesho yake akapiga simu anataka sita kwa sita. Nikapita kwa fundi wetu mmoja mtu mzima, mashine ya randa inanguruma, nikapaza sauti "mzee kile kitanda kimebadilika, sita kwa sita!" akaitikia kwa kichwa, mimi huyoo nikaendelea na mambo yangu. Jioni nakuta mbao za upana zote zimekatwa futi tano, na mninga ulivyo ghali yaani! Nilimwakia mzee wa watu mbele ya vijana mpaka mama ntilie wa jirani akaacha kukoroga sufuria.

Hakunijibu. Wakati tunafunga ndo akaniita pembeni, "Mwanangu, asubuhi sikusikia kitu, nilijua unanisalimia." Niliishiwa maneno. Kesho yake nikamuomba radhi palepale nilipomfokea, vijana wote wakiwepo, na kwakweli sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Tokea hapo tunakunywa chai pamoja kabla mashine hazijawashwa, oda zinaandikwa kwa chaki kwenye kipande cha plaiwudi ukutani, na nikimpa mtu kazi namwambia nirudishie nilivyosema. Walicheka sana mwanzoni, eti nimekuwa ticha wa chekechea. Ila mtu akikurudishia maneno yako ndo unajua ulisema nusu nusu, mara nyingi mwenye kosa nilikuwa mimi.

Alafu ile chai ikaleta kitu sikukitegemea. Masika vanishi ilikuwa inatutesa, ukishapuliza inakauka na ukungu mweupe juu, tumebadilisha duka, tumebadilisha thina, wapi. Dogo wa kupiga msasa, ambaye hata kompresa ya kupulizia hajawahi kuigusa, akasema kwa sauti ya chini "kaka, mbona inakuwaga siku za mvua tu, mkipuliza mchana jua likiwaka haitokei." Kumbe ni unyevu! Muda wote dogo anajua, hakuna aliyemuuliza.

Vijana nao nikawaruhusu Jumamosi mchana wachukue vipande vilivyobaki watengeneze wanachotaka, kuna vilivyotoka vya ajabu sitaki hata kuvielezea, ila stuli moja ya miguu mitatu kastoma kaiona akaagiza nne.

Sijawa malaika, wiki iliyopita nimefoka tena, nikarudi kuomba radhi. Ila siku ya kupuliza vanishi siku hizi anaamua dogo. Juzi bosi mwenyewe kaja mbio anataka kabati litoke siku hiyohiyo, dogo akaangalia wingu akamwambia "bosi, mpaka kesho," na bosi akaondoka zake.