Siku moja ya kutambua samaki aina ya taa wa Lamu na Wasini, kutoka Nairobi

Saa 12:30 asubuhi. Basi la usiku kutoka Mombasa limeingia, na kwenye ofisi ya vifurushi kuna boksi la barafu. Ndani mna vichupa vya nyama ya taa, kila kipande kama punje ya mahindi, kimezama katika ethanoli (spiriti ya kuhifadhia) mara 10 ya ujazo wake. Lebo ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Wino hufutika ethanoli ikivuja, penseli haifutiki. Kichupa kisicho na lebo hakina kazi tena.

Saa 2. Ethanoli inabadilishwa, maana ile ya jana imeshavuta maji ya nyama ikapungua nguvu. Vichupa jokofuni.

Saa 3 hadi saa 6. Picha za WhatsApp kutoka Lamu, Pate na Wasini, na hapa ndipo kazi ilipo. Taa kalazwa mchangani, chini pameandikwa "taa wa madoa ya buluu." Wenye madoa ya buluu ni zaidi ya mmoja, na rangi hufifia samaki akishakufa, kwa hiyo madoa tunayaacha mwisho. Tunaanza na umbo, kisha mkia.

Taeniura lymma ana mwili wa duara refu kama yai, na mstari wa buluu kila upande wa mkia. Huyu ni wa miamba ya matumbawe. Neotrygon ana pembe kama kishada cha kurushwa, utepe mweusi umempita machoni, na mkia wake una pingili nyeusi na nyeupe. Huyo hupenda mchanga. Vitabu vya zamani humwita Neotrygon kuhlii kila mahali, lakini mwaka 2016 jina hilo liligawanywa, hivyo tunaandika jenasi tu, yaani jina la kwanza, hadi DNA (vinasaba) ya nyama isomwe.

Shida kubwa ni mkia. Wavuvi huukata mashuani kwa sababu ya mwiba, na hawana kosa. Picha ya leo kutoka Pate haina mkia, tena imepigwa kwa mshazari, na mshazari hulifanya yai lionekane kishada. Tunamwandikia mvuvi: "Shikamoo mzee. Tunaomba picha ya mgongo kutoka juu kabisa, ya tumbo, na ya mkia kama bado upo. Tepu iwekwe bawa hadi bawa." Upana huo ndio kipimo, urefu wote hauaminiki mkia ukishakatwa.

Saa 8. Picha ya pungu, aina nyingine ya taa, kutoka Wasini, madoa meupe, pua kama mdomo wa bata: Aetobatus ocellatus. Jina Aetobatus narinari libaki kwa yule wa Atlantiki. Kisha manta, taa mkubwa, tumbo juu kwa bahati njema. Madoa meusi yapo katikati ya mianya ya matamvua, mdomo si mweusi: Mobula alfredi. Mwenzake, Mobula birostris, hana madoa hapo katikati, na mdomo wake ni mweusi.

Saa 10. Jedwali: tarehe, eneo, upana, jinsia. Dume ana vijiti viwili chini, shinani mwa mkia. Vikiwa vigumu, amepevuka.

Saa 11 kasorobo, jibu la Pate. "Marahaba. Mkia ulikuwa chini ya nyavu." Pingili nyeusi, nyeupe, nyeusi. Neotrygon, sentimita 31.